Sanduku la akina mama lina kufuli tatu, akaunti yako ina moja

Najua nimekuwa kimya, na wawili watatu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa kusini, Masasi na Newala, kwa mambo ya kifamilia, na mnajua mwandishi wa habari hata akienda harusini hurudi na stori. Safari hii nimerudi na stori na hasira juu yake. Kwa hiyo kaeni vizuri, leo naandika ndefu.

Nianze na Masasi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana kibanda karibu na stendi. Ana diploma yake, ajira haikuja, akafungua kibanda. Anachajia watu simu, anauza vocha, anaweka nyimbo kwenye memori kadi. Jumamosi usiku anaandaa mashindano ya gemu la mpira la kwenye simu. Kila mchezaji anatoa elfu moja, mshindi anaondoka na kapu, mwenye kibanda anabaki na chake. Vijana wanajaa mpaka barabarani. Na mwenye timu kali kuliko wote ni yeye mwenyewe. Miaka mitatu ameijenga timu ile, mchezaji mmoja mmoja, nyingine kwa jasho la vidole na nyingine kwa fedha aliyolipa kwa simu. Watu walikuwa wanatoka Ndanda kuja kumjaribu.

Wiki moja kabla sijafika, akaletewa linki na rafiki yake. "Gonga hapa upate koini elfu kumi bure." Akagonga. Ukurasa ukafunguka, una rangi ya Facebook, una nembo ya Facebook, unaomba jina na paswedi. Gemu lake analiingia kwa kutumia Facebook, kama wengi wenu mnavyofanya, kwa hiyo hakushangaa. Akajaza. Koini hazikuja. Haikupita robo saa akatolewa nje ya gemu, kisha nje ya Facebook. Kujaribu kuingia, paswedi si sahihi. Barua pepe ya kurejeshea akaunti imeshabadilishwa. Timu imekwenda. Rafiki yake naye, kumbe, alikuwa ameibiwa saa moja kabla, na aliyekuwa akisambaza ile linki kwa jina lake ni mwizi.

Aliponisimulia, alikuwa amekwisha kuzungumza na watu wazima watatu. Wote walimjibu maneno manne ambayo ndiyo yamenifanya niandike leo: "Si ni gemu tu?"

Sasa twende Newala.

Kutoka Masasi unapanda kwenye uwanda wa Makonde, na Newala imekaa pembeni kabisa, mahali ambapo ukisimama ukingoni unaona bonde la Ruvuma chini na Msumbiji ng'ambo. Huko anaishi mjomba wetu, mkulima wa korosho. Mjomba ana simu ya kupangusa aliyonunuliwa na wanawe, na anaingia Facebook kuangalia picha za wajukuu. Ilikuwa msimu wa mnada, malipo ya korosho yalikuwa yamekwisha kuingia. Usiku ule ule akapata ujumbe kutoka kwa mpwa wake wa Masasi:

"Shikamoo mjomba. Nimekwama kidogo kibandani, naomba elfu themanini, Jumatatu nakurudishia. Tuma kwenye namba hii, laini yangu inasumbua."

Ujumbe ulikuwa na shikamoo. Ulitaja kibanda. Mwizi alikuwa amesoma mazungumzo yao ya nyuma, akajua kijana anamsalimiaje mjomba wake na anafanya kazi gani. Mjomba alipotaka kutuma akaona jina la mpokeaji si la mpwa wake. Akauliza. Akajibiwa kwamba ni laini ya rafiki. Akatuma. Asubuhi fedha ilikuwa imeshatolewa kwa wakala, na namba ile haipatikani.

Shilingi elfu themanini za mkulima wa korosho. Piga hesabu mwenyewe ya kupalilia, kupuliza salfa, kuokota, kukausha, kubeba gunia hadi chama cha msingi, kusubiri mnada, kusubiri malipo. Halafu ziende kwa mtu aliyekaa mahali anakula chipsi.

Sasa nijibuni ninyi mnaosema ni gemu tu. Je, mjomba alikuwa anacheza gemu?

Hapa ndipo ninapogombana nanyi, wasomi wenzangu wa mjini. Kwa miaka tumewacheka wazee. Tumewatungia vichekesho kuhusu ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunasema wazee hawajui teknolojia, bibi anampa wakala namba yake ya siri, babu anaamini ameshinda bahati nasibu ambayo hakucheza. Lakini katika stori hii, mzee aliibiwa kupitia mlango ulioachwa wazi na kijana mwenye diploma. Mzee aliona jina tofauti, akauliza. Kijana hakuuliza kitu. Aliona koini za bure.

Na wala simsemi mdogo wangu peke yake. Nilimwuliza akaunti ile ilikuwa na ulinzi gani. Akasema, "Paswedi kali kaka, ina herufi kubwa na namba." Nikamwuliza kama amewasha uthibitishaji wa hatua mbili. Akaniangalia kama nimemsemesha Kireno. Niliporudi Dar nikawauliza wenzangu saba, wote wana digrii, wote wana magemu kwenye simu. Wawili tu ndio walikuwa wamewasha. Mmoja wa wale watano ni mtu wa kompyuta!

Tuelewane kwanza. Paswedi ni kitu unachokijua. Ubaya wa kitu unachokijua ni kwamba mtu mwingine anaweza kukijua pia, na wewe usihisi chochote. Mwizi wa kuku anaacha manyoya. Mwizi wa paswedi haachi kitu, paswedi yako unabaki nayo kichwani vile vile, ila sasa mko wawili. Hata ikiwa na herufi kubwa, namba na alama za mshangao, ukiiandika mwenyewe kwenye ukurasa wa mwizi umempa nzima nzima. Hatua ya pili ni kuongeza kitu ulichonacho mkononi, kwa kawaida simu yako. Mwizi akiwa na paswedi bila simu, anabaki mlangoni.

Kama mnaona hayo ni mambo ya Wazungu, njooni Newala mkutane na mama mdogo.

Mama mdogo ni mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mnavijua vikundi hivi, viko kila kata. Fedha ya kikundi inakaa kwenye sanduku la chuma, na sanduku lile lina kufuli tatu. Funguo tatu wanashika wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe anakaa nalo mtu mwingine ambaye hana ufunguo hata mmoja. Siku ya mkutano wanakaa wote, funguo zinaletwa, sanduku linafunguliwa mbele ya macho ya watu. Mama mdogo ni mmoja wa washika funguo. Nikamwuliza, "Mama, kwani hamwaminiani?" Akacheka.

"Tunaaminiana sana, mwanangu. Lakini mimi naweza kupoteza ufunguo. Naweza kuugua. Naweza kutishwa usiku na mtu mwenye panga. Ufunguo wangu ukiibiwa, sanduku halifunguki."

Huo ndio uthibitishaji wa hatua mbili, umeelezwa na mama aliyeishia darasa la saba, bila neno moja la kompyuta. Ulinzi mzuri unakubali kwamba binadamu atakosea siku moja, halafu unahakikisha kosa moja halitoshi kufungua sanduku. Mdogo wangu alikosea mara moja, na akaunti yake ilikuwa imejengwa hivi kwamba kosa moja linatosha.

Mama mdogo analinda hisa za wanakikundi kwa kufuli tatu. Mwanawe alilinda kazi ya miaka mitatu, na heshima ya ukoo kwa mjomba, kwa moja.

Kuna watakaosema mambo haya ni mapya, tupeni muda. Si mapya! Kampuni za magemu zimeyajua kwa miaka mingi. Mwaka 2008 Blizzard, watengenezaji wa World of Warcraft, walianza kuuza kidude kidogo cha kuning'iniza kwenye funguo, kinachotoa namba mpya ya kuingilia kila unapobonyeza. Kilikuwa dola sita na nusu. Kwa nini? Kwa sababu wezi walikuwa wanaingia kwenye akaunti za wachezaji, wanavua dhahabu ya gemu na silaha, wanaziuza kwa fedha halisi. Mwaka 2008, ndugu zangu, ndiyo mwaka M-Pesa ilipoingia Tanzania. Wakati sisi tunajifunza kutuma fedha kwa simu, wachezaji wa wenzetu walishaanza kuweka kufuli la pili kwenye gemu.

Aprili 2011 mtandao wa PlayStation wa Sony ukavamiwa, taarifa za akaunti kama milioni 77 zikawa hatarini, mtandao ukafungwa kwa zaidi ya wiki tatu. Kufuli la pili la mchezaji lisingezuia wezi kuingia kwenye mitambo ya Sony yenyewe, hilo nakubali. Lakini lingefanya taarifa iliyoibwa isitoshe peke yake. Na Sony walilileta lini? Agosti 2016. Miaka mitano baadaye.

Desemba 2015 Valve, wenye duka la magemu la Steam, wakakiri hadharani kwamba akaunti kama 77,000 zinatekwa kila mwezi. Kila mwezi! Wakasema wazi kwamba waathirika si wajinga wala wageni, wamo wachezaji wa kulipwa na wafanyabiashara wa vifaa vya gemu. Wakaamua kwamba mtu asiye na ulinzi wa kwenye simu, vifaa anavyobadilishana vinazuiliwa mpaka siku tatu kabla ya kuondoka, ili mwenye mali apate nafasi ya kupiga kelele. Mwaka 2018 Epic, wenye Fortnite, wakaamua kuwahonga watu: washa hatua ya pili, upewe densi ya bure ya mhusika wako.

Densi! Yaani kampuni inajua hatari, inajua dawa, halafu inabidi ikubembeleze kwa densi umeze.

Ndiyo maana ugomvi wangu wa pili ni na kampuni zenyewe. Kwa nini kufuli la pili liwe jambo la hiari, limefichwa ndani ya mipangilio, chini ya menyu tatu, kwa Kiingereza cha mwanasheria? Kitufe cha kununua koini hakijafichwa. Kinang'aa, kinaruka ruka, hata mtoto wa miaka sita anakiona. Kitufe cha kulinda koini ulizonunua ndicho unakitafuta kwa tochi.

Na msiniambie watu hawataki. Mwaka 2021 Google waliwawashia watumiaji zaidi ya milioni 150 uthibitishaji wa hatua mbili bila kusubiri waombe. Mwanzoni mwa 2022 wakatoa matokeo: akaunti zilizotekwa katika kundi lile zilipungua kwa asilimia 50. Dunia haikusimama na watu hawakuandamana. Kwa hiyo inawezekana. Wakitaka, wanaweza. Gemu lililokubali fedha ya mchezaji lina wajibu wa kuwasha kufuli siku ile ile fedha ilipoingia. Asiyetaka alizime mwenyewe, kwa mikono yake.

Lakini siwezi kukaa Sinza kusubiri kampuni za Japani, Singapore na Marekani ziwe na huruma. Turudi kwetu.

Ukiwasha hatua ya pili, mara nyingi utaulizwa namba yako itumwe kwa njia gani. Wengi wetu tunachagua meseji. Meseji ni bora kuliko kukaa bila kitu. Utafiti wa Google uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba namba ya kwenye meseji ilizuia mashambulizi yote ya mitambo inayojaribu akaunti yenyewe, ikazuia asilimia 96 ya utapeli wa linki zinazotawanywa kwa watu wengi, kama ile ya mdogo wangu. Lakini mtu akikulenga wewe binafsi, ilizuia asilimia 76 tu. Ile robo inayobaki inapita wapi?

Sehemu moja inapita kwenye laini. Mtu anakwenda kwa wauza laini, anajifanya ni wewe, anasema simu imepotea, anarudishiwa laini yako. Kuanzia dakika ile meseji zako ni zake. Agosti 2019 hata Jack Dorsey, bosi wa Twitter wakati ule, akaunti yake ya Twitter ilitekwa kupitia namba yake ya simu. Bosi wa Twitter, kwenye Twitter! Hapa nchini usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Ulisaidia, sibishi. Lakini alama ya kidole inamjua mwenye laini siku ya kusajili. Haimzuii mtu kukupigia simu akijifanya wa huduma kwa wateja na kukuomba umsomee namba iliyoingia sasa hivi.

Ndiyo maana nawashauri programu ya kutoa namba, kama Google Authenticator, na ziko nyingine nyingi za bure. Inafanya kazi hivi. Siku unapoiwasha, simu yako na mtambo wa gemu vinapeana siri moja ndefu, kwa kawaida unapiga picha kamchoro ka mraba kenye vidoti. Baada ya hapo kila upande unachukua ile siri, unaangalia saa, unakokotoa namba sita. Kila sekunde 30 namba inabadilika. Pande zote mbili zinapata namba ile ile kwa sababu zina siri moja na saa moja. Hakuna meseji iliyotumwa, kwa hiyo hakuna meseji ya kuibwa.

Na sikilizeni hili, watu wa Newala: haihitaji bando. Haihitaji hata mtandao. Siku ambayo mnara umelala na unapanda juu ya kichuguu kutafuta kijistari kimoja cha mawasiliano, programu ile inaendelea kutoa namba. Inachotaka ni saa ya simu iwe sahihi. Jambo lililofikiriwa kuwa la watu wa mjini wenye mtandao wa kasi, kumbe linamfaa zaidi mtu wa uwanda wa Makonde.

Najua mtauliza, simu ikiibwa je? Swali zuri, na wanaolipuuza ndio wanaowafanya watu wachukie jambo hili. Kweli kabisa, kufuli linaweza kumfungia nje mwenye nyumba. Dawa yake inaitwa misimbo mbadala. Google wanakupa kumi, Facebook nao wanayo. Ni namba za dharura, kila moja inatumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi! Usizipige picha ukaziacha kwenye simu ile ile itakayoibwa. Mjomba anatunza stakabadhi zake za korosho tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, zimo kwenye bahasha, ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku la nguo. Wewe unashindwa kutunza karatasi moja?

Mwingine atasema, sina cha kuibiwa. Mdogo wangu naye alifikiri hivyo. Wewe unacho, hata kama mfuko ni mtupu: una jina lako, na watu wanaoliamini. Mwizi hakutaka timu ya mpira peke yake. Alitaka shikamoo ya mdogo wangu, kwa sababu shikamoo ile ilikuwa na thamani ya elfu themanini.

Na sasa neno chungu kwa wachezaji wenzangu. Kusini kuna biashara inaitwa kangomba. Mkulima ana shida, msimu haujafika au malipo yamechelewa, anakuja mtu na kipimo chake cha bakuli, ananunua korosho kwa bei ya kutupa, hakuna mizani, hakuna risiti. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na sote tunajua anayeumia ni nani. Sasa vijana wale wale wanaolaani kangomba mchana, usiku wananunua akaunti za magemu kwa mtu wasiyemjua, kwenye kundi la WhatsApp, kwa bei ya kutupa, hakuna risiti. Jamani, hiyo si kangomba? Akaunti nyingi zinazouzwa hivyo zina mawili: ama zimeibwa kwa mtu kama mdogo wangu, ama muuzaji amebaki na barua pepe ya kurejeshea na wiki ijayo anaichukua tena. Kampuni nyingi zinakataza kabisa mauzo hayo, kwa hiyo huna pa kulalamika. Mnunuzi wa akaunti ya wizi ndiye anayemlipa mwizi mshahara. Timu ya mdogo wangu iko kwa mtu sasa hivi, na huenda mtu huyo anasoma hapa.

Basi fanya haya leo, kabla hujalala. Angalia gemu lako unaliingia kwa mlango gani. Kama ni Google au Facebook, kufuli la pili liweke huko, maana gemu lenyewe halina mlango wake. Halafu weka kufuli kwenye barua pepe, maana barua pepe ndiyo inayorejesha paswedi zote. Usitumie paswedi ya gemu mahali pengine popote. Namba za hatua ya pili usimsomee mtu, awe wa kampuni, awe rafiki, awe mpenzi, na usiziandike kwenye ukurasa uliofikishwa na linki ya mtu, kwa sababu siku hizi kurasa za uongo zinaomba na namba hizo pia. Kama huduma yako inatoa ufunguo wa siri unaofunguliwa kwa kidole au uso, chukua huo, ni bora zaidi, kwa sababu umefungwa kwenye anwani ya tovuti ya kweli na ukurasa wa uongo hauwezi kuupata. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa utapeli uripoti kwenda 15040. Na ukiibiwa nenda polisi, usione aibu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa. Haisemi "isipokuwa kama ni gemu".

Mtaniuliza yaliishia wapi. Facebook mdogo wangu aliipata baada ya siku kumi na moja za kujaza fomu na kutuma picha ya kitambulisho. Timu haikurudi. Ameanza upya, na Jumamosi anapigwa na vitoto vya sekondari. Akaunti mpya ina hatua mbili, karatasi ya misimbo iko Newala kwa mama yake.

Elfu themanini ameanza kumrudishia mjomba kidogo kidogo. Mjomba alikataa mwanzoni, akasema kosa ni lake aliyetuma. Wakabishana sana, kila mmoja anavutia lawama kwake. Mimi nimekaa pale nawaza kwamba katika ubishi wote ule hakuna aliyetaja kampuni ya gemu, wala kampuni ya mtandao wa kijamii, wala yule aliyekula hela. Watu wa kwetu wana haya. Wenye haya hawana kufuli, na wenye kufuli hawana haya.

Kabla sijaondoka mjomba aliniletea simu yake. "Na mimi niwekee hiyo ya pili," akasema. Ilichukua dakika sita. Mnaonisoma hapa mna bando na mna elimu. Nipeni sababu moja kwa nini mzee wa Newala awatangulie. Uwanja wa maoni uko chini, nawasubiri.

Alamsiki.